Mstari Chini ya Kiti cha Baali

Eldoret, 3 Februari 2025

Kwako Fundi Charanjit, Shard End, Birmingham,

Viza ya kurudi huko wameninyima tena. Hii ni mara ya pili. Wanasema hawaamini kwamba nitarudi Kenya, na mimi niko Kenya, ninakunywa maziwa ya mursik kwa mama yangu kila asubuhi. Nimekasirika mpaka meno yananiuma.

Lakini si hilo lililoniketisha niandike. Watahini wamenirudishia tasnifu. Unamkumbuka liwali wangu, maana nilikuchosha naye jikoni kwako siku zile nilipokuwa nikija kumhudumia mama, marehemu mkeo: Balakros, Mmakedonia, mlinzi wa Aleksanda Mkuu, aliyepewa nchi ya Kilikia aitawale baada ya Waajemi kupigwa. Akakaa Tarso, mji uleule wa Mtume Paulo, akagonga sarafu za fedha, mwishowe watu wa Pisidia wakamuua vitani. Sarafu zake nyingine zina jina lake lote, nyingine zina herufi B peke yake. Wasomi wote husema alianza na jina zima, kisha akajipunguza. Mimi ninasema kinyume: alianza na B kwa adabu, na Aleksanda alipokwenda mbali akajitanua. Hiyo ndiyo tasnifu yangu yote, Fundi, miaka mitano ya maisha yangu.

Wanataka ushahidi kwa macho yao. Sarafu zenyewe, mzee yule wa Sutton Coldfield aliyekuwa akizikusanya alipokufa, watoto wake waliziuza mnadani zikatawanyika. Zilizobaki ni zile nakala za plasta nilizozitoa kwenye sarafu hizo nikakuachia Oktoba nilipoondoka. Ninaomba nakala nane tu, namba 17 hadi 24, zipigwe picha, taa ikiwa ubavuni, si juu. Siku ya mwisho ni tarehe 30 Aprili. Chuo cha hapa Eldoret kimenishikia nafasi ya kufundisha mpaka Julai, na bila tasnifu kupita watampa mtu mwingine.

Nisaidie, mzee wangu. Huko sina mwingine mwenye jicho kama lako.

Wako,
Jepchirchir

*

Shard End, 16 Februari 2025

Binti yangu Jepchirchir,

Jatinder amenichapishia barua yako kwa herufi kubwa kama za tangazo la mnada, nikaisoma mara mbili. Yeye mwenyewe hakuelewa kitu. Binti yangu huyu wa kumzaa anajua Kiswahili cha kuitiwa chakula tu. Hii yangu ataipiga picha akutumie. Pole kwa viza. Mimi nilipotoka Kisumu mwaka wa sitini na nane nilikuwa na pasipoti yao mkononi na bado waliniuliza ninakuja kufanya nini, kwa hiyo usidhani ni wewe tu.

Nakala zako ziko darini, nimezifunga kwa shali ya marehemu. Kupanda dari kunataka ngazi, ngazi inataka Jatinder, na Jatinder amebanwa na mitihani ya wanafunzi wake. Ngoja kidogo.

Nilizitazama sana kabla ya Krismasi. Aliyechonga uso wa yule Athena mwenye kofia ya vita alikuwa fundi haswa, nami nimechonga chapa za medali na vifungo vya sare miaka arobaini na mmoja, kwa hiyo sisemi ovyo. Kuchonga uso unaokutazama moja kwa moja ni kazi ya kumtoa mtu jasho, pua inaharibika mapema. Lakini plasta yako wewe, usikasirike, ni kazi ya mwanafunzi. Vipovu vya hewa, matuta, nywele za plasta pembeni. Kwenye karakana yetu huko mtaa wa masonara ungerudishwa nyumbani kabla ya chai.

Swali moja tu. Hicho unachotaka kionekane kwa taa ya ubavuni ni kitu gani hasa? Ni uso, ni herufi, au ni nini?

Mimi,
Charanjit

*

Eldoret, 28 Februari 2025

Kwako Fundi,

Nilikueleza zamani, lakini naona siku hiyo ulikuwa umevua kile kifaa cha masikioni. Wacha nikueleze tena.

Geuza upande wa Baali, yule mungu wa Tarso aliyekaa kitini na fimbo yake ya enzi. Kutoka mguu wa nyuma wa kiti kuelekea ukingoni kuna mstari mwembamba ulioinuka. Huo ni ufa. Wewe unajua kunishinda: chapa, kile chuma kilichochongwa ambacho fedha hugongewa, ikipasuka, ufa wake hutokea kwenye sarafu kama mstari ulioinuka. Na ufa haujirudishi, unakua tu. Nakala zote nane zimetoka kwenye chapa moja ya Baali; jina liko upande wa pili. Kwenye 17 hadi 20, zenye B, mstari ni mfupi. Kwenye 21 hadi 24, zenye jina zima, umefika ukingoni. Basi B ilitangulia. Huo mstari ndio kila kitu, Fundi. Ukiondoa huo, nina hadithi tu.

Picha zangu mwenyewe nilizipiga kwa taa ya juu, mstari hauonekani hata kidogo. Nilikuwa mjinga. Nina daftari langu nililoandika siku ile, na nina hizo plasta zako huko darini.

Mwambie Jatinder nitamwombea mitihani iishe.

Jepchirchir

*

Shard End, 20 Machi 2025

Jepchirchir,

Umeuliza mara tatu kupitia kwa Jatinder, na mara tatu nimemwambia akujibu kwamba ninaumwa goti. Ni kweli ninaumwa goti. Wazoa taka nao wamegoma, mifuko imerundikana hadi kwenye ua na panya wamekuwa wakubwa wa mtaa, kwa hiyo usinifikirie nimekaa bure.

Wacha nikuambie kitu kingine. Nyinyi wasomi mnapenda mistari. Sisi tulikatwa mshahara kwa sababu ya mistari. Medali ikitoka na mstari namna hiyo, msimamizi anaitupa mezani mbele ya wenzako na huli siku hiyo. Miaka mitano hukuwahi kuniuliza kazi yangu ilikuwaje, uliniuliza tu chuma hupasuka vipi. Sasa unanitumia kama ngazi ya darini.

Nitaona nitakachofanya.

Charanjit

*

Eldoret, 27 Machi 2025

Fundi Charanjit,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Sijui nilikukosea wapi. Kama ni shukrani, ukurasa wa mbele wa tasnifu una jina lako juu ya jina la msimamizi wangu, na sikukuambia kwa sababu nilitaka ulione likiwa limechapwa. Kama ni kwamba sikukuuliza habari za kazi yako, ninakubali, na inaniuma. Nilikuja kwako kumwogesha mama na kumlisha, nikitoka hapo ninakimbilia maktaba. Sikuwa na nafasi ya kuwa mgeni mzuri.

Lakini siku zimebaki thelathini na nne, na mtu mzima anayeniambia ataona atakachofanya ananitisha. Sikutegemea hilo kutoka kwako. Wengine wote nilitegemea.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Immaculée, yule dada Mkongo wa kanisani kwetu anayekaa Nechells, atakuja Jumamosi tarehe 5 saa nne asubuhi kuichukua trei yote ya plasta. Ana simu yenye kamera nzuri na mkono mtulivu. Wewe mfungulie mlango tu. Usipande popote, goti lako lipumzike.

Nimekasirika, na ninakupenda vilevile, na yote mawili yananichosha.

Jepchirchir

*

Shard End, 3 Aprili 2025

Binti yangu,

Nimemwambia Immaculée asijisumbue. Picha nane hizi hapa, Jatinder amezipiga jana kwenye meza yangu ya kazi, taa ubavuni kama ulivyotaka. Mstari unaonekana. Pale ulipofika ukingoni unaonekana hata bila lenzi.

Nisamehe maneno ya barua iliyopita.

Charanjit

*

Eldoret, 8 Aprili 2025

Fundi wangu, Fundi wa mafundi,

Nimepiga kelele mpaka mama akadhani kuna nyoka ndani. Mistari imetoka wazi kabisa, mifupi kwenye B na mirefu kwenye jina zima, kama nilivyoandika. Nimezituma kwa msimamizi papo hapo, naye amejibu kwa neno moja tu, jambo ambalo kwake ni sherehe.

Sasa nikuambie siri ambayo sikumwambia mtu. Tangu Januari nimekuwa nikijitilia shaka. Siku niliyoandika lile daftari nilikuwa nimetoka zamu mbili mfululizo, macho yanawaka, na namba nilizipachika kwenye plasta baadaye. Nilikuwa nikilala najiuliza kama kweli niliona nilichoona, au niliona nilichotaka. Nilifika mahali pa kufikiri niwaandikie watahini kwamba sina hakika. Picha zako zimeniponya. Nimeona tena kwa macho yangu, na sasa hata mimi ninaamini.

Nitakabidhi tarehe 28. Umenirudishia maisha yangu, mzee wangu, na yale maneno yako nimeyasahau.

Jepchirchir

*

Shard End, 14 Aprili 2025

Jepchirchir,

Jana ilikuwa Vaisakhi, sikukuu yetu kubwa. Nilikwenda hekaluni nikakaa na wazee wenzangu, sahani yangu nikampa jirani. Mficha uchi hazai. Nisome mpaka mwisho kabla hujanitukana.

Mistari unayoiona kwenye picha nimeichonga mimi.

Mwezi wa Novemba nyumba ilikuwa kimya sana. Wewe umeondoka, marehemu ameondoka, Jatinder huja Jumapili tu. Nikateremsha trei yako nikasema nitamfanyia binti yangu zawadi, nimsafishie plasta zake ziwe nakala za kuwekwa kwenye kioo. Nikachukua patasi zangu ndogo, ambazo sijazigusa tangu nistaafu, nikatoa vipovu, nikatoa matuta. Nilipofika chini ya kiti nikakuta mstari umeinuka. Mkono wangu ulikuwa na miaka arobaini na mmoja ya kuchukia mistari namna hiyo. Uliikata yote minane kama mtu anavyokata kucha, bila hata kuitazama urefu. Nikafurahi. Nilikuwa ninasubiri urudi nikuonyeshe.

Kisha ikaja barua yako ya pili, ukaniambia huo mstari ndio kila kitu. Nilitoka nje nikasimama na mifuko ya taka kwa muda mrefu. Yale maneno ya ngazi yalikuwa uongo, nilitafuta ugomvi ili uniache. Uliposema Immaculée anakuja nikaogopa. Nikachanganya plasta laini, nikaiweka kwa ncha ya brashi, ilipokauka nikaichonga. Ilinichukua siku mbili. Hakuna mtahini duniani atakayejua, hilo ninakuambia kama fundi.

Lakini nilichonga kwa kufuata nini? Nilikuwa na barua yako mezani, binti. Ulisema mifupi hapa na mirefu pale, nami nikachonga ulivyosema. Ulipoandika kwamba umeona tena na sasa unaamini, nilijua kwamba umeonyeshwa maneno yako mwenyewe. Ningenyamaza kama ungekuwa na hakika. Haki ya Mungu ningenyamaza, na ningekufa nayo.

Fanya utakavyoona.

Charanjit

*

Eldoret, 2 Mei 2025

Charanjit,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa hakifai kumtumia mtu wa umri wako.

Umekata ushahidi pekee uliokuwepo ulimwenguni, ukaficha miezi miwili nikikubembeleza, ukanifanya nijilaumu kwa kutokuuliza habari zako, kisha ukanitengenezea uongo mzuri mpaka nikalia kwa furaha mbele ya mama yangu. Plasta ningekusamehe. Plasta ni mkono. Zile barua ulikaa ukaziandika.

Nimewaandikia watahini. Nimeziondoa picha zote nane na nimeeleza kwa nini: kwamba nakala zilisafishwa na mistari ikapotea, kisha ikachongwa upya. Jina lako sikulitaja, si kwa ajili yako bali kwa ajili ya mama niliyemwogesha. Nilidhani wananifukuza. Msimamizi alikaa nao kikao kizima. Wamesema kwa kuwa nimekuwa mkweli bila kulazimishwa, watalikubali daftari langu kama ushahidi, maana liliandikwa siku ileile na sarafu zikiwa mbele yangu. Niongeze kurasa mbili za maelezo, nikabidhi kabla ya tarehe 30 Juni, na wamenidokeza kwamba itapita.

Kwa hiyo nitapita, lakini si kwa msaada wako. Immaculée atakuja kuchukua trei. Kwa sasa usiniandikie.

Jepchirchir

*

Shard End, 22 Juni 2025

Binti yangu,

Ulinikataza na nimevunja. Isome hii, kisha unikataze tena.

Kuna jambo sikukuandikia Aprili kwa sababu sikuwa na hakika nalo. Nilipokuwa ninachonga ile mistari, mkono ulikuwa unakataa. Kwenye zile za B nilikuwa ninafika pale uliposema niishie, na patasi ilitaka kuendelea. Mkono huwa unakumbuka kazi uliyoifanya hata kama jicho halikutazama. Nikajiambia ni uzee, nikaulazimisha.

Tangu wewe uwaandikie watahini neno hilo limeninyima raha. Nikamwomba Jatinder atafute kwenye kompyuta yake zile sarafu za mnada zilikokwenda. Alinikaripia, kisha akatafuta wiki tatu. Sita hazijulikani zilipo. Mbili ziko kwa mfanyabiashara mmoja wa sarafu huko London, hajaziuza, moja ya B na moja ya jina zima, na karatasi zake zinaonyesha zilitoka kwa yule mzee wa Sutton Coldfield. Tukapanda treni Alhamisi. Yule bwana alinitazama kilemba na fimbo yangu akadhani nimekuja kununua. Nilipomwambia nilikuwa mchonga chapa Birmingham, akanipa kiti, lenzi na dakika zote nilizotaka.

Jepchirchir, nilitaka iwe ulivyosema. Nilikuwa nimeishika ile ya B chini ya taa na nilikuwa ninaomba, mimi mzee wa miaka sabini na tisa, ninaomba juu ya kipande cha fedha. Chapa ni ileile moja, hilo uliona sawa. Ufa upo, hilo pia uliona sawa. Lakini kwenye jina zima ni mfupi, haujafika hata nusu. Kwenye B umefika ukingoni. Nilizitazama mara tano, nikampa Jatinder naye atazame bila kumwambia ninatafuta nini, akaniambia hivyohivyo.

Wale wasomi walikuwa sawa. Alianza na jina lake lote, akaishia na herufi moja. Nafikiri namba zako ulizipachika vibaya siku ile, kama ulivyoogopa.

Picha mbili zimeambatana na barua hii. Amezipiga mwenye sarafu mwenyewe, kwa mashine yake, taa ubavuni. Mimi sikuzigusa. Kama unazitaka nyingine, jina na anwani yake viko chini ya picha.

Ningeweza kunyamaza na ungepita. Nimeshanyamaza mara moja mwaka huu na ilinitosha.

Charanjit

*

Eldoret, 1 Julai 2025

Fundi,

Tasnifu niliikabidhi tarehe 20, siku mbili kabla hujaandika. Barua yako ilipofika mama alikuwa amekwisha kuchinja kondoo na majirani walikuwa wakiniita daktari.

Nilizitazama picha kwa lenzi, kwa simu, na mwisho nilizitazama nikiwa nimezigeuza juu chini, nikitumaini. Kisha nikatoa daftari. Pale nilipoandika «mstari mfupi», namba 17 hadi 20 nimeziandika kwa kalamu ya buluu juu ya neno lililofutwa. Neno lililofutwa linasomeka bado. Ni «jina zima». Sikumbuki kulifuta. Mkono ni wangu.

Siku tisa sikumwambia mtu. Unajua ilivyo, kwa hiyo sikuelezei. Nilijiambia wamekwisha kukubali, na kwamba Balakros amekufa miaka elfu mbili na mia tatu na hatalalamika. Nilijiambia pia kwamba wewe huwezi kuwa shahidi wa mtu yeyote, baada ya ulichofanya. Hilo la mwisho nilikuwa ninalipenda zaidi.

Leo asubuhi nimewaandikia watahini. Nimewatumia picha zako mbili na ukurasa wa daftari, na nimewaambia sura ya nne si kweli na aliyekosea ni mimi. Safari hii nimelitaja jina lako lote, kwa sababu ndiwe uliyekwenda kutazama. Watanipa mwaka mwingine au watanikatalia kabisa. Nafasi ya chuo hapa imekwenda, nimewapigia simu mwenyewe ili wasisikie kwa watu. Mama hajui bado. Ananiuliza kwa nini sili nyama yangu.

Nimekasirika, Fundi, na safari hii sina wa kumkasirikia.

Jepchirchir